Anauza mahindi Juni, anayanunua Februari, na hesabu yake iko sawa

Kila mwaka mwezi wa sita, malori yaliyosheheni mahindi yanaingia Tabora mjini kutoka Sikonge, Urambo na Uyui. Bei huwa iko chini, na hakuna asiyelijua hilo, tangu dalali anayepima hadi mama aliyeyaanika mahindi yenyewe uani. Ikifika Februari, mvua bado zinanyesha na mahindi mapya ndiyo kwanza yametoa ndevu, kaya zilezile zilizouza zinarudi sokoni kununua kwa bei iliyopaa. Hapo ndipo maneno yanapoanza: wakulima wetu wana papara, hawana elimu ya biashara, hawajui kuhifadhi.

Mimi maneno hayo yananiudhi. Wengi wanaoyasema wana mshahara unaoingia kila mwisho wa mwezi, na hawajawahi kupewa mahindi kama ndiyo fedha pekee iliyomo ndani ya nyumba.

Tuangalie Juni inadai nini. Mkulima wa tumbaku, ambaye ndiye huyohuyo mwenye mahindi, alichukua mbolea na pembejeo nyingine kwa mkopo kupitia AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika wa mazao, na deni linakatwa kwenye mauzo kabla yeye hajashika hata shilingi. Tumbaku inaweza kuwa imeshapimwa na kuondoka, malipo yakachelewa kwa wiki kadhaa. Lakini kibarua aliyevuna na kufunga majani hasubiri benki. Mtoto aliyechaguliwa kidato cha tano anatakiwa kuripoti Julai akiwa na sare, godoro na ndoo. Ada imefutwa, ni kweli, ila godoro halijafutwa. Na kama kuna mgonjwa, huyo ndiye wa kwanza.

Sasa piga hesabu naye. Tuseme gunia ni shilingi 50,000 na shida yake ni hiyohiyo 50,000. Njia ya kwanza ni kuuza gunia. Njia ya pili ni kuliacha gunia ndani na kwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, ile mikopo tunayoiita kausha damu. Riba ikiwa asilimia 20 kwa mwezi, bila hata kuzidishwa juu ya riba, baada ya miezi sita anadaiwa 110,000. Maana yake bei ya gunia lazima ipande zaidi ya mara mbili ndipo kuhifadhi kuwe na faida, na hapo sijaweka gharama ya dawa wala mahindi yaliyoliwa na wadudu. Mtu anayeuza Juni kwa hesabu hiyo ana papara gani? Amechagua njia ya bei nafuu kati ya mbili mbaya.

Wadudu nao si jambo dogo, hasa hapa. Dumuzi, yule mdudu anayegeuza punje kuwa vumbi, asili yake ni Amerika ya Kati, na alipoingia Afrika alionekana kwanza mkoani kwetu Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Wakulima walimbatiza jina la Scania, na aliyewahi kufungua kihenge akakuta unga mtupu anajua kwa nini. Siku hizi ipo mifuko isiyopitisha hewa, inafanya kazi vizuri, lakini nayo inanunuliwa kwa fedha taslimu, tena mwezi uleule wa Juni.

Kuna na hatari nyingine ambayo semina za kuwahimiza wakulima wahifadhi haziizungumzii. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kupelekwa nje ya nchi, bei ikaporomoka, na walioumia zaidi ni wale walioweka mahindi ghalani wakingoja yapande. Walifuata ushauri wote. Aliyeuza mapema siku ya mavuno alionekana mwerevu mwaka ule, na watu vijijini wana kumbukumbu ndefu.

Anayedhani watu wetu hawajui kuhifadhi aje aulize kuhusu michembe. Viazi vitamu vibichi havikai, kwa hiyo kina mama wa Kinyamwezi na Kisukuma huvikata vipande na kuvianika juani vikauke kabisa, au huvichemsha kwanza ndipo wavianike, vikawa matobolwa. Vinakaa mpaka msimu wa njaa, vinaliwa na karanga au chai. Tena michembe ina sifa moja ambayo mahindi hayana: haivutii wanunuzi wa malori. Kinachobaki kwenye kihenge kwa sababu hakiuziki haraka ndicho kinachowalisha watoto Januari, na mama anayepanga hivyo amefikiri kwa kina kuliko anavyopewa sifa.

Twende sokoni sasa, upande wa anayenunua. Ukisimama Soko Kuu asubuhi utaona mafuta ya kula yanapimwa kwa kipimo cha mia tano, nyanya zinauzwa kwa fungu, unga kilo moja. Ukijumlisha kwa mwezi, huyu mama amelipa zaidi kwa kila lita kuliko jirani aliyenunua ndoo. Anajua. Ila mume wake anaendesha bodaboda na pesa inaingia jioni, kidogo kidogo, na ndoo inataka pesa yote leo. Halafu chakula kingi kikiwa ndani kinajulikana: shemeji atakuja, jirani ataomba kibaba, na huwezi kumnyima mtu unga unaouona. Kununua kidogo ni namna ya kulinda bajeti bila kugombana na ndugu.

Mnunuzi naye hasubiri kufundishwa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, dagaa wa Kigoma waliadimika kwenye meza za Tabora. Wanunuzi hawakusubiri tangazo la mtu. Wakageukia dagaa wa Ziwa Victoria, maharage, mlenda na karanga.

Kwa hiyo mkulima na mnunuzi wanaamua kwa kigezo kimoja, nacho ni siku ambayo fedha inafika mkononi. Bei inakuja baadaye. Elimu tu haitabadilisha hilo. Magharibi mwa Kenya watafiti walijaribu kitu rahisi: wakulima wa mahindi walipewa mkopo wakati wa mavuno. Wakauza kidogo msimu wa bei ya chini na zaidi bei ilipopanda, faida ikabaki kwao. Na mikopo ilipokuwa mingi katika eneo moja, tofauti ya bei kati ya mavuno na njaa ilipungua hata kwa wasiokopa. Yaani mnunuzi wa mjini naye alipata nafuu.

Sisi tuna Sheria ya Stakabadhi za Maghala tangu 2005. Tatizo lake kwa mkulima wa gunia nne ni kwamba akipeleka mahindi ghalani anarudi na karatasi, na kibarua halipwi kwa karatasi. Ndiyo maana dalali mwenye pesa mkononi anashinda kila mara, hata akija na lumbesa ya debe saba au nane akaiita gunia moja, wakati sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Hapo Wakala wa Vipimo aonekane vijijini Juni, wakati lumbesa zinajazwa.

AMCOS za tumbaku zina mizani, zina maghala na zina daftari la kila mwanachama. Ninachoomba ni zipokee na mahindi, kwa wanachama wanaotaka, na zimlipe mtu nusu ya thamani siku hiyohiyo anayoshusha gunia, kwa riba ya benki. Nusu nyingine aipate Desemba au Januari, yeye mwenyewe akiamua siku ya kuuza. Zianze na AMCOS mbili au tatu, Urambo na Sikonge, msimu ujao.