Faharasa ya apt: mara moja kwa siku inatosha, lakini isilale mwezi

Wapo walioipangia cron, kipanga ratiba cha Linux, iendeshe apt update kila dakika tano (amri inayoshusha faharasa, yaani orodha ya programu zilizoko ghalani na matoleo yake), na wapo ambao hawajaigusa amri hiyo tangu seva iwashwe. Kwa maoni yangu wote wanakosea, ila hawa wa pili wanakosea vibaya zaidi. Seva ya Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, inatosheka na mara moja kwa siku, na mara moja zaidi kabla tu ya kusakinisha kitu.

Ghala la Debian hutoa faharasa mpya mara nne kwa siku. Anayeuliza mara 288 hupata jibu lilelile karibu kila mara, na anazitwika mzigo bure seva za nakala, ambazo nyingi zinaendeshwa na vyuo na watu wanaojitolea. Tena toleo thabiti lenyewe hubadilika kila baada ya miezi miwili hivi. Kinachosogea wiki kwa wiki ni repo (ghala) ya usalama, na hiyo ndiyo iamue ratiba.

Wengine huacha kusasisha wakihofia bando. Hesabu haiko hivyo. Kwenye Debian 12, mara ya kwanza apt hushusha faili la Packages, yaani faharasa yenyewe, la takriban MB 9 na la maelezo ya vifurushi la MB 6 hivi. Kesho yake huuliza tu kama InRelease, faili dogo linaloorodhesha mafaili ya faharasa, imebadilika. Kama bado, skrini huandika Hit na hakuna faili linaloshushwa.

Faharasa ikichakaa, dalili inayojulikana ni 404 Not Found: inataja toleo ambalo limeshaondolewa ghalani. Wengi hapo hukimbilia kuhariri sources.list, faili lenye anwani za maghala, kumbe apt update ingemaliza kazi. Lakini 404 angalau inapiga kelele. Kinachonitia hofu ni ukimya. apt upgrade, amri ya kusasisha programu zenyewe, haiendi mtandaoni kutafuta matoleo mapya. Inasoma kilichomo /var/lib/apt/lists, basi. Faharasa ikiwa ya mwezi uliopita, utaambiwa hakuna cha kusasisha, huku kiraka cha usalama cha openssl, programu ya usimbaji fiche, kikikusubiri ghalani. Na usiupime uchakavu wa faharasa kwa tarehe za mafaili ya humo: apt huyapa tarehe ya seva, si ya siku uliyosasisha.

Hakuna haja ya cron. Ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/20auto-upgrades weka:

APT::Periodic::Update-Package-Lists "1";

Namba hiyo ni siku. 0 huzima kabisa. Kipima muda kinachoitekeleza, apt-daily.timer, kimepangiwa saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, kisha huchelewa kwa bahati nasibu kwa muda unaoweza kufika saa kumi na mbili ili mashine zote zisiivamie seva kwa pamoja. Hakikisha kiko hai kwa systemctl list-timers apt-daily.timer.

Kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga taswira ya Docker, apt-get update na apt-get install ziwe kwenye agizo moja la RUN, zimeunganishwa kwa &&. Ukizitenganisha, Docker huhifadhi tabaka la kwanza na kulitumia tena miezi baadaye, nawe unasakinisha kwa faharasa iliyooza.

Jambo la mwisho: faharasa ya repo ya usalama ina muda wa kuisha, siku 7. apt ikiikataa kwa kuwa imepitwa, usiinyamazishe kwa kuzima Check-Valid-Until, mpangilio unaokagua muda huo. Angalia saa ya mashine kwanza; ikiwa sawa, basi seva ya nakala unayoitumia imeacha kusasishwa. Ibadilishe.