Msalaba wa Bewcastle: Uachwe Mvuani au Uingizwe Kanisani?

Bewcastle ni kijiji cha kaskazini mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Uskoti. Katika uwanja wa kanisa lake kuna nguzo ya jiwe la mchanga, imechongwa nakshi pande zote nne, na umri wake ni kama miaka 1,300. Ulikuwa msalaba. Kichwa chake kilipotea zamani, ila shina bado limesimama nje.

Wanaotaka uingizwe ndani wana hoja nzito. Jiwe la mchanga hunywa maji, na maji hayo yakiganda wakati wa baridi hutanuka na kulibandua jiwe chembe baada ya chembe. Runi zake, herufi za kale za Ulaya ya kaskazini, zimelika mno hata wasomi hawakubaliani ni majina ya nani yaliyoandikwa. Msalaba mwenzake wa Ruthwell, ng'ambo ya mpaka, umo kanisani tangu 1887. Runi zake zina mistari ya shairi ambamo msalaba wenyewe unasimulia jinsi ulivyombeba Kristo. Kuyaachia mvua maneno ya namna hiyo kunaniuma.

Hata hivyo, paa halizuii kila kitu. Ruthwell haikuvunjwa na mvua. Mwaka 1642 Wapresbiteri waliuvunja msalaba ule, wakiuona ni sanamu ya kuabudiwa, na vipande vikatawanyika hadi Mchungaji Henry Duncan alipovikusanya na kuusimamisha tena mwaka 1823. Tena misalaba hii ilichongwa ili mtu aizunguke huku mwanga ukihama kutoka uso mmoja hadi mwingine. Kanisani mwanga hauhami hivyo.

Mimi naegemea njia ya Clonmacnoise, Ayalandi: msalaba wa asili umewekwa ndani ya jengo lililo papo hapo, na nakala inasimama nje. Huo ujirani ndio sharti langu. Jiwe likipelekwa makumbusho ya mjini, wanaparokia waliozika wazee wao kando yake wamenyang'anywa.

Bewcastle ilinitia shaka kwa jambo moja: upande wa kusini wa shina kumechongwa saa ya jua. Saa ya jua ndani ya nyumba ni ya nini? Lakini nakala ikichongwa kwa uangalifu na kusimamishwa palepale, ikielekea kusini vilevile, itaonyesha saa kama kawaida, na runi zitakuwa kanisani, hatua chache tu kutoka hapo.