Gobore Langu na Muswada wa Dodoma

Haya niliyaandika zamu yetu wenye magobore, bunduki za kienyeji za kushindilia baruti, ilipofika hapa Tanzania, kabla sheria mpya ya silaha ya mwaka 2015 haijapitishwa. Serikali ilikuwa imepeleka bungeni muswada wa kudhibiti silaha na risasi, ambao baadaye uliifuta sheria ya mwaka 1991, na mimi raia mwema, ambaye leseni yangu imelipiwa na stakabadhi zake zimetunzwa ndani ya kopo la maziwa, nikaanza kutazamwa kijijini kana kwamba niliwahi kuteka basi la abiria.

Sina ugomvi na nia yenyewe. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, yaani makubaliano ya nchi za ukanda wetu ya kudhibiti silaha ndogo ndogo, ambayo nchi yetu imo, inataka bunduki ziwekewe alama, ziandikwe katika kumbukumbu za taifa, na raia wasimiliki bunduki za kivita. Yote nayaunga mkono. Ninachouliza ni kama waungwana waliokaa kuyaandika hayo waliwahi kulishika gobore mikononi.

Juzi nilipeleka langu kituoni kulipia leseni, likiwa halina baruti wala gololi. Konstebo aliyekuwa zamu, kijana mwenye adabu, aliniamkia vizuri, kisha akasema tuanze kuzoea sheria mpya mapema. Akaomba namba ya silaha. Nikamjibu kwamba haina. Akaligeuza, akaufuta mtutu kwa leso, akagundua herufi mbili karibu na kitako, na uso ukamng'aa.

"Mzee, hii ndiyo modeli?"

"Hapana, afande. Hilo ni jina la marehemu baba. Alilichonga kwa msumari kwa sababu shemeji yake alikuwa na tabia ya kuazima bila kurudisha."

Nchi lilikotengenezwa? Baba alilirithi kwa babu, na babu hakuacha maelezo. Kipenyo cha mtutu? Hapo kijana, kwa kukosa kifaa cha kupimia, akachomeka kidole chake cha mwisho ndani ya mtutu, na kidole kikakataa kutoka. Akavuta yeye, nikavuta mimi, akavuta mahabusu aliyekuwa anafagia. Mama mmoja aliyekuja kuripoti wizi wa kuku akashauri mafuta ya kula, mwingine akasema sabuni ya mche, na katikati ya mashauriano hayo akaingia sajenti, akamkuta askari wake amefungamana na silaha ya raia, akauliza kwa ukali ni nani hapa aliyemkamata mwenzake. Sabuni ndiyo iliyotuokoa. Kijana akajifuta jasho, akakaa, na kwenye nafasi ya kipenyo akaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: "Kidole cha mwisho, kwa shida."

Ilisemwa pia kwamba tungehitaji cheti cha umahiri wa kutumia silaha. Nimekubali, ila mtahini aje na chakula, maana kumimina baruti, kushindilia kwa mti, kutia gololi na kupachika fataki si kazi ya dakika moja, na mvua ikinyesha mtihani utaahirishwa. Halafu kuna habari ya kuhifadhi silaha mahali salama, ambayo wenye kujua wanaifasiri kuwa kasha la chuma lenye kufuli. Nyumba yangu ni ya udongo na mlango wake unafungwa kwa kamba. Nikilileta kasha la chuma humo, wezi watabomoa ukuta na kulichukua kasha lenyewe, na gobore wataliacha sakafuni.

Wakati huo huo nguruwe pori wanaingia mpungani usiku, na nyani wanapokea zamu mchana. Ukipitiwa na usingizi dunguni usiku mmoja tu, asubuhi unavuna majani. Tunaambiwa kuna kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, chenye kanuni zake za mwaka 2011, lakini hicho ni cha tembo, kiboko na wanyama wengine walioandikwa kuwa hatari. Nguruwe anayemaliza ekari yangu si hatari kwa mujibu wa karatasi! Nilipouliza nifanye nini, nikajibiwa nipige debe. Nimepiga debe, jamani, hadi nyani wakaja kusikiliza.

Nami nikifa, leseni hairithiwi, kwa hiyo mwanangu ataanza upya serikali ya kijiji, kata, wilaya hadi mkoa, kila kamati ikitaka kumjua yeye ni nani. Jirani ananishauri niachane na gobore, nifuge mbwa watatu. Ningemsikiliza, ila mkutano wa kijiji wa keshokutwa una ajenda ya mbwa wasiochanjwa, na mtendaji ameshaanza kuuliza nani ana wangapi.