Texas hakuna kodi? Niulizeni mimi

Jumamosi usiku binamu yangu wa Dallas katutumia kwenye kundi la familia picha ya karatasi yake ya mshahara. Mstari mmoja kauzungushia duara jekundu: kodi ya jimbo, sufuri. Chini yake kaandika, "Poleni watu wa Minnesota, endeleeni kukamuliwa." Shangazi yetu aliyeko Likoni, ambaye hajawahi kulipa kodi ya jimbo lolote duniani, akajibu kwa vikofi kumi na kimoja.

Mimi nilikuwa zamuni, huku Minnesota. Mzee ninayemtunza ameshalala, nguo zake zinazunguka kwenye mashine, na hasira zikanipanda nikatafuta kalamu.

Maana huko Texas nimeishi, sikuhadithiwa. Mwisho wa 2023 nilifungasha vyombo vyangu Brooklyn Park, huku Minnesota, kwa wimbo huu huu wa sufuri, nikaendesha siku mbili hadi Grand Prairie, jirani na Dallas. Nilikaa miezi 14.

Watu wakitaka kututisha na Minnesota hutaja asilimia za ngazi zake za kodi ya mapato: 5.35, 6.80, 7.85, 9.85. Ukizisikia hivyo utadhani mtu anarudi nyumbani na nauli ya basi tu. Haya, tuhesabu kama watu wazima. Kazi niliyoiacha ilikuwa ya dola 21 kwa saa, saa 40 kwa wiki, kwa hiyo dola 43,680 kwa mwaka. Kwa viwango vya 2024, mtu asiye na ndoa wala mtoto kama mimi, jimbo haligusi dola 14,575 za kwanza. Zinabaki 29,105, na zote zinaangukia kwenye ngazi ya chini kabisa, ile ya 5.35. Jumla ni dola 1,557 kwa mwaka. Sisi tunalipwa kila wiki mbili, basi gawanya kwa 26.

Dola 60. Hiyo ndiyo damu ninayonyonywa, ndugu zangu.

Texas nilipata kazi ile ile: wazee wale wale, nepi zile zile, migongo ile ile ya kugeuza saa nane za usiku. Dola 15. Nilipouliza mbona kidogo, mama aliyenihoji akatabasamu kama anayenipa zawadi: "Lakini hapa jimbo halikukati kitu." Na mimi, msomi wa watu, nikatabasamu pia! Dola 6 kwa saa nimeziacha, ambazo kwa saa 80 ni dola 480 kila wiki mbili, ili niokoe 60. Makato ya Washington, yaani ya serikali ya shirikisho, hayakuuliza nimehamia wapi: asilimia 6.2 ya Social Security, ile pensheni, na 1.45 ya Medicare, bima ya afya ya uzeeni, kule na huku. Ukishatoa hayo yote na kodi ya shirikisho, kabla ya bima, Minnesota ningebaki na kama dola 1,366. Texas nilishika 1,040. Mwenye sufuri yake aje aniambie hiyo tofauti inaitwaje.

Na si kwamba nilimkuta mwajiri mbaya. Texas inafuata kima cha chini cha mshahara cha shirikisho, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijasogea tangu 2009. Mwajiri akikupa 15 anajiona kakufadhili, amekulipa mara mbili ya sheria! Minnesota kima cha chini kilikuwa 11.13 mwaka 2025, na kinapandishwa kila Januari. Hata wewe usiyelipwa kima cha chini, sakafu ikiinuka na kiti chako kinainuka.

Halafu barabara. Zamu yangu ilikuwa kaskazini ya Dallas, na njia ya kufika kwa wakati ni ile ya kulipia. Hakuna kizuizi, hakuna mtu wa kumpa sarafu. Unapita tu, kamera inakupiga picha, barua inakuja nyumbani. Mwezi wa kwanza niliifungua nimesimama jikoni na viatu bado miguuni: dola 142. Kodi yote ya jimbo niliyoikimbia ni dola 130 kwa mwezi. Nilikaa chini pale pale.

Mimi wa Mombasa, na kwetu kodi ni ya nyumba. Serikalini mtu hulipa ushuru. Sasa binamu yangu, huyu wa duara jekundu, amenunua nyumba. Yake, jina lake. Na kila mwaka kaunti inamwandikia kwamba nyumba yake imepanda thamani, hongera, kwa hiyo lipa zaidi. Mitaa mingi ya huko mzigo huo unakaribia asilimia 2 ya thamani. Mwaka jana alinipigia simu analia kwamba malipo ya benki, ambayo hukusanya deni, kodi na bima ya nyumba kwa pamoja, yameongezeka dola 310 kwa mwezi: kaunti upande mmoja, na upande wa pili bima, kwa sababu ya mvua ya mawe inayotoboa mapaa. Ni kweli wamewapunguzia, dola 140,000 za kwanza za nyumba unayoishi sasa hazihesabiwi kwenye sehemu ya kodi hiyo inayokwenda kwa shule. Lakini hata akimaliza deni la benki atalipa hadi kaburini. Ana nyumba, na bado analipa kodi ya nyumba. Hiyo mbona hakuizungushia duara?

Bili ya stima ya Agosti, joto la huko likipamba moto, sitaisema. Februari 2021, baridi ilipowazimia Texas umeme, sitaisema pia, huku Minnesota kulikuwa na baridi zaidi na taa zetu zikawaka.

Haya, na mimi nikiri yangu. Wewe unayelipwa dola 150,000 kwa kazi ya kompyuta, Minnesota itakukata zaidi ya dola 9,000 kwa mwaka. Hama, sina ubishi nawe, na ukifika uninunulie chai. Nyumba za Texas ni kubwa na mpya. Na kuanzia Januari 2026 Minnesota wamenianzishia makato mengine, ya likizo ya uzazi na ugonjwa, hadi 0.44 kwa mia. Nilinung'unika wiki nzima. Kisha nikakumbuka Grand Prairie nilivyougua homa nikakosa zamu tatu, dola 360 zikaenda na maji, na msimamizi akaniuliza kwa ujumbe kama "kweli" siwezi kusimama. Sasa huku dola kama nane kila wiki mbili zinanipa haki ya hadi wiki 12 za kuuguza mwili wangu nikiugua sana, bila kumbembeleza mtu. Nikaacha kunung'unika. Au karibu niache.

Yote haya nikayapanga kwenye karatasi, nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi saa kumi alfajiri. Shangazi hakupiga kofi hata kimoja. Binamu alijibu asubuhi kwa picha: yuko uani kwake, fulana ya mikono mifupi, miguu juu ya kiti, jua kali, tarehe 18 Januari.

Niliifungua nikiwa maegeshoni, nakwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya duka, kwa sababu kile kikwanguo kilivunjika Ijumaa.