Shangazi kwenye dole gumba

Jamani mi sijui nani alinituma. Dada ana sendofu Jumamosi, michango yote imeishia kwenye mapambo na ukumbi, mi nikasimama mbele ya kamati nikasema zawadi ya picha niachieni, natengeneza kolaji moja kubwa, picha zake tangu mchanga, vipande vya magazeti na kalenda za zamani, vyote juu ya plaiwudi. Wakapiga makofi. Makofi yale ndo yaliniponza.

Jumatano nikaanza na uji wa ngano, si ndo tulibandikia tiara utotoni? Ikashika vizuri tu. Usiku nasikia kwruu kwruu, nikajua panya wa darini. Asubuhi mende wamekula sherehe ya ubatizo nzima, kabaki padri na mshumaa.

Alhamisi nikahamia gundi ya mbao, ile nyeupe, fundi seremala jirani kanimiminia kwenye kopo. Gundi haina kosa, kosa langu, nikaona nzito nikatia maji, nikatia tena, mpaka ikawa kama maziwa ya msibani. Sasa karatasi ya gazeti ikinywa maji inatanuka, ikikauka inajikunja, dada yangu wa kidato cha nne akatoka matuta kama njia ya kwetu. Ijumaa jioni fundi kaja kuchungulia, eti "Dogo, ungepaka nyembamba bila maji, halafu ukandamize na kitu kizito mpaka asubuhi, hata ndoo ya maji." Ijumaa jioni ndo ananiambia!

Ikabaki picha moja, ya shangazi, paspoti saizi, kakunja uso kama anadai kodi. Nikaona hii naimaliza na supagluu. Aisee ile kitu haijui subira, na karatasi ikawa nyepesi, gundi ikapenya mpaka upande wa pili ikanasa dole gumba langu la kulia. Nikavuta. Ngozi inakuja na shangazi. Nikashika pamba nijifute, weee! Pamba ikaanza kupata moto, na moshi juu! Kumbe supagluu na pamba vikikutana vinachemka, mi nshaloweka kidole humo, narukaruka sebuleni saa saba usiku.

Mama akatoka na kanga moja. "Unachoma nini wewe?"

"Shangazi!"

Tukaloweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, pamba ikatoka kidogo kidogo, shangazi kagoma. Dawa yake ni ile asetoni ya kutolea rangi ya kucha, ila chupa ya dada ilibaki tone moja, likatosha kumfuta shingo. Duka gani liko wazi saa saba?

Basi Jumamosi kolaji ikapokelewa na matuta yake, MC akasema ni sanaa ya kisasa, watu vigelegele. Mi nimekunja ngumi, dole limefichwa ndani. Mara shangazi huyo, mkono kaunyoosha. Kumpa mtu mzima wa kushoto nako ni kutafuta laana.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba..." Akahisi kitu. Akageuza mkono wangu, akatoa miwani kwenye pochi, akavaa, akaangalia mudaaa.

"Sasa shingo yangu iko wapi?"