Shangazi Chini ya Kanga

Duka la steshenari la ami yangu hapa Chake Chake lina kompyuta moja na skrini mbili zilizopeana mgongo juu ya kaunta. Moja inanitazama mimi ninayechapa, na ya pili inawatazama wateja walio nje ya dirisha, ikionesha kile kile ninachokiona mimi, ili mwenye kadi ya harusi ahakikishe majina kabla karatasi haijatoka kwenye printa, kwani ami alichoka kurudia kazi bure kila bwana harusi alipogundua kwamba Khamis ameandikwa Hamis. Kwa kadi, mpango huo hauna kasoro. Kwa barua za siri ni balaa, na barua nyingi zinazoletwa kuchapwa kwetu zina siri ndani yake, hata zile za kuomba maji.

Skrini ya wateja ilitengenezewa kasha la mbao ili watoto wasichezee vitufe, na seremala aliifanya kazi yake vizuri mno, hata mimi mwenyewe sina njia ya kukifikia kitufe cha kuzimia. Ndiyo maana nikawa naizima kwa amri ya kuandika. Kompyuta yetu inatumia mfumo endeshi wa Linux tangu flash za wateja zilipoijaza virusi, na inaendesha X11, mfumo wa kuonesha madirisha uliozaliwa katika chuo cha MIT huko Marekani, ambao toleo lake hilo la 11 ni la mwaka 1987. Humo mna amri ndogo iitwayo xrandr. Ukiiandika peke yake, inakuorodheshea matundu ya skrini na kukueleza lipi lina waya na lipi ni tupu. Ukiandika xrandr --output HDMI-1 --off, skrini iliyochomekwa kwenye tundu hilo, kwetu ile ya wateja, inazimika na nyingine inaendelea na kazi. Kabla ya hapo niliwahi kuijaribu xset dpms force off, lakini hiyo inazilaza skrini zote kwa pamoja, na ukigusa kibodi zinaamka zote, jambo ambalo kwa mchapaji halina faida yoyote.

Siku ya kisa hiki, baada ya sala ya adhuhuri, wakati mtaa umelala na dirishani hapana mtu, aliingia bibi mmoja kwa mlango wa nyuma, akaketi kwenye kigoda kando yangu na kuniambia kwa mnong'ono kwamba anataka barua ya posa ya mjukuu wake. Alisisitiza kwamba jambo lenyewe halijafika kwa wenye mtoto, na likivuja kabla ya barua kufika, wabaya wake watapata la kufanya. Tuliandika taratibu, yeye akitamka na mimi nikipanga maneno. Kijana alielezwa kuwa ni mcha Mungu, mfanyabiashara, na mwenye shamba la mikarafuu. Tulipokaribia kumaliza, nilisikia hodi dirishani: mama wa makamo alikuwa amesimama na cheti cha kuzaliwa mkononi, akitaka kutolewa kopi.

"Zima, mwanangu, zima!" bibi alinihimiza.

Nilifungua dirisha dogo la amri juu ya barua, nikaandika ile amri ya siku zote, nikabonyeza. Skrini yangu ikawa nyeusi tii. Kutoka nje nikasikia sauti tulivu ikisoma: "Kwa heshima na taadhima..."

Binamu yangu ndiye aliyesababisha. Usiku uliotangulia alipangusa vumbi, akachomoa nyaya zote na kuzirudisha alivyopenda, ule wa VGA, wa tundu la pili, kwenye skrini ya wateja na ule wa HDMI kwenye yangu. Na kwa kuwa skrini zote huonesha kitu kimoja, asubuhi hapakuwa na dalili ya mabadiliko. Amri yenyewe haina lawama. HDMI-1 ni jina la tundu, na xrandr haina habari wala haja ya kujua nani anatazama nini.

Bibi alikuwa na wepesi nisioutarajia. Aliinuka, akaivua kanga begani, akaitupa juu ya kaunta ikaifunika skrini ya wateja yote, kisha akaishikilia ncha kama anayeshika kamba ya ngalawa. Siri ikawa salama, ila mimi nikawa sina pa kutazama. Kuzima kompyuta nzima kungeipoteza barua, ambayo sikuwa nimeihifadhi. Kuandika gizani kungewezekana kama si kile kitufe cha kistari cha kibodi yetu, ambacho ukikigusa pole hakitoi kitu na ukikikandamiza kinatoa vistari vitatu, hali ya kuwa xrandr inataka viwili kamili. Alihitajika mtu wa kusoma. Bibi miwani yake aliiacha nyumbani.

"Mimi nasoma," alisema yule mama wa cheti, na kabla hatujajibu kichwa chake kilikuwa tayari chini ya kanga.

Nilianza kuandika. "Umetia vitatu," sauti ilitoka ndani. Nikafuta. "Sasa kimoja." Nikaongeza. "Vitatu tena. Punguza." Nikabonyeza mapema mno, akanisomea mstari wa Kiingereza ambao nilifahamu tu kwamba ni lawama. Nikaanza upya. Kisha sauti ikanyamaza, na chini ya kanga kichwa kikasogea polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kikarudi, kikasogea tena.

"Shangazi," niliita, "vistari ni vingapi?"

"Ngoja kwanza, mwanangu." Kimya. "Huyu binti aliyetajwa hapa, wa Wete, si mtoto wa kaka yangu huyu?"

Bibi aliiachia ncha ya kanga.

"Na hiyo mikarafuu," sauti iliendelea, "tangu lini ikawa ya kijana? Mikarafuu ile ni ya mjomba wake. Yeye huenda kuchuma tu, kama wachumaji wengine."

"Yakhe, minne amepewa!" bibi alijibu kwa ukali. "Minne ni yake, kwa mashahidi!"

"Basi iandikwe minne. Shamba halisemwi kwa miti minne."

Walipokuwa wakihesabiana miti, mimi nilifanikiwa kupata vistari viwili vinavyostahiki, nikaandika --auto mwishoni mwa amri, na skrini yangu ikawaka. Niliipunguza mikarafuu mpaka minne kama walivyokubaliana, nikaihifadhi barua, kisha, kwa kuwa ndiyo kazi niliyotumwa tangu mwanzo, nikaandika xrandr --output VGA-1 --off na kubonyeza kwa uhakika.

Giza likaingia chini ya kanga.

"Ewe kijana! Mbona umezima? Sijafika mwisho!"

Nilimgeukia bibi kutaka shauri.

"Mwashie," alisema. "Amalize kusoma, kisha atutajie mahari."