Kinango mmeiandika nusu
Makala yenu ya Kinango, hapa Kaunti ya Kwale, ni nzuri, wadi zote 7 mumezitaja kuanzia Ndavaya mpaka Mackinnon Road, lakini usafiri mumeupa mistari miwili na hapo ndo penye kazi yenyewe. Sensa ya 2019 yasema Kwale nzima ni watu 866,820, haya, sasa hao wa Kinango ukitaka kuwaona nenda Mariakani jioni, matatu haing'oki mpaka ijae, mitungi juu ya keria, mbuzi kafungwa miguu chini ya siti ya nyuma na makanga bado aita "mmoja, mmoja!" Ukishuka ni bodaboda, na mvua ikinyesha bei ni atakavyo yeye. Tangu 2013 kuna serikali ya kaunti na kila wadi ina MCA wake, yaani mwakilishi wake kwenye bunge la kaunti, afadhali kuliko kungojea Nairobi kwa kila kitu, hilo sipingi. Ila huku Mombasa twasifia barabara ya Dongo Kundu kila siku, kweli waenda Diani bila feri, lakini mtu wa wadi ya Puma huko Kinango mwenye gunia lake la mahindi yamfaa nini hiyo jamani? Muulizeni MCA wake basi.